ß na mkia wake

Lubumbashi, Jumanne

Nimepumua. Wiki tatu nimepigana na ß, herufi ya Wajerumani, kwenye fonti, seti ya herufi za kompyuta zenye mwandiko wa mkono, ninayomchorea mteja wa huko kwao. Kila nikiichora inakuwa B, na mteja ameshairudisha mara mbili. Niliogopa kazi atampa mtu mwingine.

Leo nikafanya kama marehemu baba, mchora vibao: nikazipaka ß na B ukutani, nikavuka barabara kuzitazama. Mama Odette anauza samaki hapo ng'ambo. Kijerumani hajui hata neno.

"Mama, ziko sawasawa?"

"Hapana, mwana. Ile moja iko na mukia, inashuka chini."

Mkia huo niliuongeza kwenye ß asubuhi, kwa hasira tu. Baba alinikataza mikia tangu utotoni, eti ni maringo.

Kesho naituma hivyohivyo. Baba anisamehe.