Kioo Kilichosuguliwa kwa Chumvi

Palestrina, tarehe 3 Machi

Dada yangu Assunta,

Mji mzima huu hakuna mwenye bahati kunishinda. Sululu yangu ndiyo iliyogonga kaburi la Kirumi, na kioo cha shaba kilichokuwamo nimekiokoa kwa mikono hii. Watangazie majirani zako huko Ubelgiji.

Mti wa lozi wa mama umechanua. Goti langu bado linalia kama mlango.

Kioo kilitoka kijani kama chura. Niliona aibu kukikabidhi kichafu vile, basi wachimbaji wenzangu walipokwenda kula nikakisugua kwa siki na chumvi, kama mama alivyong'arisha sufuria za shaba kila Pasaka. Kiling'aa, nikajiona humo kama bwana harusi.

Loredana, fundi wa makumbusho, alikipokea akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Oreste, umekisugua na nini?"

"Siki na chumvi, mama. Dawa ya nyumbani."

"Ule ukijani ndio ngozi iliyokitunza miaka elfu mbili. Umekichuna, kisha ukakipaka chumvi kwenye kidonda."

Nyuma palichorwa jina la mwanamke. Zimebaki herufi mbili. Kimefungiwa kwenye sanduku kavu, lakini chumvi ingali inakila ndani kwa ndani. Kila Jumatatu Loredana anakwangua kwa sindano unga mpya wa kijani unaoletwa na chumvi hiyo, nami namshikia taa. Hajanifukuza.

Wanao wakija kiangazi, usiwaambie mjomba wao alikiokoa. Yale majigambo niliyoanzia barua yafute: sikukiokoa, dada. Nimekiharibu mimi.

Kaka yako,
Oreste