Nilishuhudia Kanisani Kwamba Sindano Haijanigusa

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijarudi wadini hospitalini, kwa sababu siwezi tena kumtazama mama mkwe wangu usoni.

Mimi ni kiongozi wa wanamaombi kanisani kwetu hapa Lucky Summer, na kiwandani ninapofanya kazi kule Baba Dogo tulitakiwa sote tuchanjwe Korona, nikachanjwa, na ya nyongeza pia nikachanjwa, lakini kanisani sikusema, wala nyumbani, kwa sababu wenzangu wanasema anayechanjwa hana imani, basi Jumapili moja wakati wa ushuhuda nikapewa maiki, watu wakapiga makofi, mdomo ukanitangulia nikasema Mungu amenilinda na sindano haijanigusa, na mama mkwe wangu Kageha, tunayeishi naye na ana ugonjwa wa sukari, alikuwa mbele pale akilia kwa furaha. Tulipofika nyumbani mume wangu Mulongo akamwambia, "Mama, kesho nikupeleke kliniki uchanjwe," naye akamjibu, "Kwani hukumsikia bibi yako? Kama Mungu amemweka yeye bila sindano, mimi ndiye ataniacha?" Nilikuwa hapo hapo nasonga ugali, nikanyamaza.

Sasa ugonjwa umerudi kwa aina nyingine, na naogopa ni mimi niliyeuleta kutoka kazini kwa sababu nilianza mimi kukohoa, nikalala na homa siku chache nikapona, lakini mama alilemewa na sasa anapumua kwa oksijeni. Nikienda kumwona ananishika mkono na kuniambia, "Niombee, mwanangu, imani yangu ilikuwa ndogo, si kama yako." Anajilaumu yeye! Naona aibu sana. Lakini najiuliza, kama mimi niliyechanjwa pia niliugua, si basi chanjo yenyewe haifanyi kazi, na uongo wangu haukumdhuru mtu? Niseme ama ninyamaze?

Nafula, Lucky Summer

Nafula, pole sana kwa mgonjwa. Sasa pangusa machozi tuongee, kwa sababu kwa hilo swali lako la chanjo kutofanya kazi unatafuta pa kujificha, na unajua.

Virusi hivi hubadilika kila mara. Mwili uliochanjwa umezoea kupigana na aina ya zamani, kwa hiyo aina mpya inaweza kukupata, na kinga ya kutoambukizwa hupungua miezi ikipita. Ndiyo sababu kuna nyongeza. Lakini kazi ambayo chanjo huifanya vizuri zaidi ni kupunguza hatari ya kulazwa na kufa, hasa kwa wazee na wenye sukari. Wewe uliugua, ukapona, ukarudi kazini. Huenda umri wako ulisaidia, lakini chanjo nayo ilikuwa upande wako, halafu leo unaitukana!

Je, ingemzuia mama asifike wadini? Hakuna daktari atakayekuapia hivyo; wapo waliochanjwa wakalazwa. Ingempa nafasi nzuri zaidi, na nafasi hiyo aliikosa kwa sababu ulinyamaza. Kwa kuchanjwa hukumkosea mtu, dada yangu. Mungu hakukutuma umdanganyie.

Mwambie Mulongo leo, mkiwa wawili, kabla hajasikia kwa mfanyakazi mwenzako. Atafoka. Usijitetee. Muulizeni daktari ni lini mama akipona anaweza kuchanjwa. Jumapili omba maiki useme ulichanjwa, maana kuna wazee hapo kanisani ambao bado wanategemea ushuhuda wako. Wakikuvua uongozi, uache uende.

Lakini mama asingoje Jumapili. Amelala pale akihangaika kupumua, na juu ya hayo anadhani Mungu amemwona hafai. Nenda leo saa ya kuona wagonjwa, umshike mkono wewe safari hii, umwambie imani yake haikuwa na kasoro yoyote, ila aliiweka kwenye maneno yako, nawe ulikuwa umechanjwa.