Moto wa kijani kwenye mbabula ya mama

Kikula, Likasi
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Elikia,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Liège? Kile kifua kilichokusumbua kimetulia? Sisi tu wazima. Mvua imeanza, na njia ya sokoni ni tope tupu.

Barua yako nimeisoma. Unauliza kama mama bado hataki kusema nawe tangu ulipokosa matanga ya baba. Hadi Alhamisi ningejibu ndiyo.

Siku hiyo mama aliwasha jiko lake la mbabula kwa makaa yaliyotoka kwenye gunia la zamani la wachimbaji. Vumbi la mawe lilishika makaa, na moto ukawa kijani. Jirani yetu, mama Julie, aliyekuja kuomba moto, akaanza kukemea pepo kama yuko kwenye culte, ibadani.

“Mama Julie,” mama akamwambia, “weye unafukuza shetani, minye niko napika bukari. Iyi ni shaba tu. Marehemu alikuwa anatuonyeshaka.”

Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mazishi. Nikamwona baba akilini mwangu, akirudi kutoka kiwandani, overoli ikinuka asidi, anatuketisha mlangoni na kunyunyiza unga wa jiwe la kijani motoni, kisha chumvi, moto ukageuka njano. Wewe ulidai tena na tena mpaka maharage yakaungua.

Basi nikamweleza mama kazi yako ya kuchunguza anga, kama nilivyoielewa. Katikati ya galaksi fulani za mbali kuna shimo jeusi, na vitu vinavyolizunguka kabla ya kuanguka humo huwaka vikali. Mwanga huo hupiga mawingu ya gesi yaliyo kando, na kila gesi huutoa tena kwa rangi zake yenyewe, kama shaba na chumvi motoni. Chombo chenu kinazitenganisha ziwe mistari. Mawingu yaliyo karibu na shimo yanakimbia sana, ndiyo maana mistari yake ni mipana. Ya mbali yanakwenda polepole, na mistari yake ni myembamba.

Mama alikoroga bukari mpaka unga ukashika. Halafu: “Kumbe alienda kuangalia moto ya baba yake. Minye nilizania alitusahau.”

Hajasema amekusamehe, nawe unamjua. Ila leo, tulipotoka kanisani, aliniuliza huko kwenu ni saa ngapi. Tangu hapo simu yake iko kwenye chaji na hataki mtu aiguse. Mpigie wewe kwanza.

Mjomba Benoît, shangazi Berthe na mwanangu Cédrick wanakusalimu. Mungu akufunike katika baridi hiyo.

Kaka yako akupendaye,
Bertin