Maji Tuliyoyakuta Chini ya Mazutu

Mama yangu mpenzi,

Bwana asifiwe kwako huko Uvira. Goti linaendeleaje? Dada Riziki aliniambia umeanza tena kwenda kwa miguu kwenye shamba la mihogo, na daktari alikukataza. Sikusema kitu, maana kati yako na daktari najua atakayeshinda. Sisi huku kambini Dzaleka tu wazima. Neema ameng'oka meno ya mbele, Furaha anashona nguo za watu, nsima, ugali wa huku, haijakosekana. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unaanza kuomba kabla sijamaliza salamu, na ukifika kwenye amina salio limekwisha. Anaileta mama mmoja wa kanisani anayerudi huko kupitia Tanzania. Isome ukiwa umekaa. Nimechanganyikiwa, mama, na nahitaji akili yako.

Nasikia unawaambia watu kwamba nauza mafuta. Siuzi. Nasafisha matangi ya mazutu, ambayo huku wanaiita dizeli. Juma lote nalala mjini, Area 25, na asubuhi bosi wetu, Mmalawi mpole anayesema zikomo, yaani asante, hata kabla hujabeba mzigo, anatupitia na pikapu. Nyuma tumefunga pampu ya magurudumu, ndogo kama toroli. Tunakwenda zaidi City Centre, kwenye maofisi yenye jenereta. Mazutu yakikaa sana tangini yanaingia maji, na pale maji na mazutu yanapokutana panaota tope jeusi linalonuka na kuziba mashine. Sisi tunateremsha mpira mpaka chini kabisa, tunanyonya kwanza maji na tope, tunavitia kwenye pipa la uchafu. Kisha mazutu yenyewe tunayazungusha ndani ya chujio na kuyarudisha tangini, mpaka ukiyatia kwenye chupa uone kidole chako upande wa pili. Nikirudi nyumbani Jumamosi, Neema ananiambia nioge kwanza ndipo nimbebe.

Sasa sikiliza. Hapa kambini yupo mtu wa kwetu anaitwa Kashindi, mwenye mashine ya kusaga mahindi. Mashine yake ilianza kukohoa na kuzimika, watu wakawa wanabeba mahindi yao kwingine. Akanisihi nilete pampu. Bosi akakubali, tukaja nayo Jumamosi, na watu wakajaa kututazama kama tumeleta sinema. Nikateremsha mpira. Kilichotoka kwanza kilikuwa maji, mama. Si unyevu wa kawaida, maji meupe, ndoo nzima na kitu. Nami nilijisikia fundi mbele ya watu wa kwetu, nikasema kwa sauti, “Patroni, hii mayi haikuingia yenyewe. Kuna mutu aliimimina.”

Kashindi hakunitazama mimi. Alimtazama tata Zabuloni, mlinzi wake, mzee wa Fizi anayelala kwenye kibanda palepale mashineni na kushika ufunguo wa tangi. “Zabuloni, uliuzisha mazutu yangu, ukaweka mayi?” Mzee akainamisha kichwa. Hakukana, hakuapa, hakulia. Nawe unajua kwetu mtu asiyejitetea amejihukumu. Kashindi akachukua ufunguo, akamwambia kibanda kiwe kitupu kufikia Jumatatu. Mimi nikaendelea kuzungusha mazutu. Mashine ikawaka vizuri, watu wakapiga makofi.

Jioni ile Furaha hakula. Aliikandakanda ile nsima mkononi mpaka ikapoa, halafu akasema, “Baba Neema, ile mayi ni yetu.”

“Yetu na nani?”

“Sisi bamama ba maombi. Tulifunga siku tatu juu ya mashini, tukaombea mayi mu bidoni, tukaimimina mu tangi. Tata Zabuloni njo alitufungulia. Ni mama yako alinifundisha.”

Mama, ni kweli? Nakumbuka ulivyokuwa ukinyunyizia mbegu maji ya maombi kabla ya kupanda, na mahindi yetu yaliota, siwezi kukataa. Lakini mbegu hunywa maji. Tangi la mazutu halinywi. Nilipomuuliza Furaha kwa nini hakusema palepale, alinitazama kama mtu asiyeokoka. “Wewe hujui? Mwenye kufungua kinywa mbele jibu ifike, maombi inakufa. Na tata Zabuloni aliapa na sisi.”

Na kinachonivuruga zaidi ni hiki. Mashine ilikuwa imekufa kabisa kabla ya maji yale. Asubuhi walipoyamimina, iliamka. Ikasaga karibu wiki mbili bila shida, ndipo ikaanza kukohoa. Bosi wangu anaeleza vizuri: mpira wa mashine unavuta juu kidogo ya sakafu ya tangi, maji hukaa chini, hayana kelele mpaka mazutu yapungue. Naelewa. Hilo linaeleza kwa nini ilikohoa. Halielezi kwa nini iliamka, na mimi sikumuuliza bosi, niliogopa kwamba atakuwa na jibu.

Jumapili baada ya ibada nilimkuta tata Zabuloni akifunga kitanda chake kwa kamba. Nikamwambia najua yote. “Basi inatosha,” akasema. “Mungu anajua, na we unajua. Ni batu babili.” Hakutaka neno lingine. Nilirudi nusu ya njia, nikasimama pale wanaposimama vijana wa kabaza, wanaobeba abiria kwa baiskeli, nikaona siwezi. Mzee atalala wapi? Nani atampa kazi, akiitwa mwizi katika kambi ambayo habari inafika kabla yako? Nikaenda moja kwa moja kwa Kashindi, nikamwambia.

Nilidhani atacheka au atakasirika. Yeye akauliza, “Jina yangu, baliitaja mu maombi?” Nikasema sijui. “Na ile mayi iko wapi?” Nikamwambia bosi ameondoka nayo kwenye pipa la uchafu. Mama, alihuzunika kama nimemtupia mali yake. Lakini siku ileile alikwenda mwenyewe kumwomba mzee msamaha, mbele ya watu walewale, akamrudishia ufunguo.

Furaha tangu hapo anasema nami kupitia mtoto. “Neema, ambia baba yako chakula iko.” Nami niko palepale, namwona. Hilo nalivumilia, litapita. La mzee halipiti.

Nilikwenda kwake nikitegemea walau asante. Alinipa kiti, akakaa chini, akasema polepole, “Wilondja, we ulifanya muzuri. Lakini siku ile bamama baliombea bidoni, mi niliweka mukono juu, nikataja mutoto wangu. Elia. Tulipoteana mu njia tukikimbia. Nilinyamaza juu yake, si juu ya mashini. Kazi ingeenda, kibanda ingeenda, mi nilikuwa nimeshakubali.” Akautazama ule ufunguo. “Sasa sijui kama ile jina ingali inasikiwa.”

Nimeokoa jina la baba na labda nimeharibu la mwana. Nilifanya vibaya au vizuri? Maombi yakivunjwa na mtu wa nje, aliyefunga bado anahesabiwa? Wewe ndiye mwenye kujua mambo hayo, mimi najua pampu. Naona aibu, na naona hasira pia, na sijui nimkasirikie nani.

Basi nisalimie watu wangu, lakini usiishie kwenye salamu. Dada Riziki sokoni anakutana na wote wanaoshuka kutoka Fizi: awaulize. Mjomba Mlondani, shemasi, atangaze kanisani. Shemeji anayetengeneza pikipiki aulize kwa mafundi wenzake, kwa maana watu wa Fizi hapa kambini wananiambia Elia alikuwa fundi wa baiskeli, anaburuta mguu wa kushoto, na ana alama ya moto shingoni. Elia mwana wa Zabuloni. Wote wataje jina hilo kwa sauti, popote.

Mzee hajui kwamba nimekuandikia. Furaha pia hajui. Nitapita mashineni kila Jumamosi, nitamsalimu, tutaongea habari za mahindi. Sitamwambia neno mpaka wewe unijibu.

Ni mimi mwanao anayekuwaza,
Wilondja, baba Neema