Aliyechoma Msitu wa Tambiko

Lumuma

Mjukuu wangu Debora,

Kwa miaka kumi na tisa nimelificha jina la aliyechoma msitu wetu wa tambiko. Nakuandikia huko ofisini kwenu Mikumi kwa sababu kifua changu hakitafika masika.

Bibi yako anakusalimu. Kanisa limeezekwa upya.

Niliposikia wafadhili wenu wanatoa hela tupande miti, tufufue tambiko na tupatane na wafugaji, nilijua wanatafuta kitu. Yule dada waliyemtuma kijijini na daftari alinitazama mno. Nilimshuku hata Yusta, mjane wa mdogo wangu, aliposema, "Shemeji, mbona kila wakitaja msitu unakohoa?" Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi wafugaji wataleta dume la ng'ombe kutuomba radhi. Jana mzee wao, Koromo, alikuja kunijulia hali. Akasema, "Mwalimu, vijana wetu wote walikana kuuchoma msitu. Lakini wewe umesoma, na uliandika kwenye taarifa ya kijiji kwamba uliwaona wakiuwasha moto. Nani atabisha?" Nilimchunguza usoni nione kama ananitega. Hakuwa ananitega. Aliniamini tu.

Dume hilo lisichinjwe. Isome barua hii kwenye mkutano huo wa Jumamosi, Koromo akiwepo.

Siku ile sikumwona mfugaji yeyote. Nilikuwa nachoma majani ili nipanue shamba langu la vitunguu, upepo ukageuka, moto ukanishinda.

Babu yako,
Mwalimu Damiano