Aliyesema Bi Kidawa Ameitika

Somo yangu Zuhura,

Nimeombwa nikulinganishe na mimi. Mwalimu Selemani, anayefundisha Kiswahili sekondari hapa Kibiti, amezirudufu hadithi zetu mbili, zile zilizotoka kwenye shindano la gazeti, akawapa kidato cha nne wazilinganishe na kuzilinganua. Sasa anataka insha ya mfano. "Dada Hadija," aliniambia, "nani anazijua kuliko wewe?" Nilikubali kabla hajamaliza. Nilidhani, kwa kuwa hupo, safari hii nitashinda.

Kwanza habari za huku, maana ulikuwa husikilizi jambo mpaka upewe habari. Ni miezi minane tangu homa ile ikuchukue. Mwanaidi wako yuko kwa bibi yake Nyamwage, anasoma, na akiandika hutoa ulimi pembeni kama wewe. Ikwiriri kila nyumba ya barabarani imekuwa duka. Mitumba imefika hadi karibu na mlango wa msikiti. Mimi nimehamia gazeti la mtu binafsi. Yameota mengi tangu watu binafsi wapewe ruksa, na mengine hufa kabla wino haujakauka. Letu bado linapumua.

Siku ya msiba wako wanafunzi wako wa zamani walikuja juu ya lori la ufuta. Nilikuwa barazani na wanawake wenzangu. Nikawahesabu, kama ninavyohesabu watu mkutanoni, kisha nikajiuliza ni nani angepanda lori kwa ajili yangu. Ndivyo nilivyokulilia. Nakwambia kwa sababu huwezi kunikatiza.

Turudi kwenye hadithi. Zote mbili zinaeleza jambo moja: msimu ule wa mpunga tulipokuwa na miaka kumi, tunaishi bondeni katika dungu la mama yangu, kile kibanda juu ya miti, mchana kutwa tunafukuza ndege. Zote zinaeleza desturi ya kuitana. Kabla ya magharibi kila dungu huliita la jirani: "Upo?" Naye hujibu: "Nipo." Asiyeitika hufuatwa hapo hapo, iwe kuna maji, iwe kuna matope. Jirani yetu alikuwa Bi Kidawa, mjane, aliyelala peke yake. Zote zinaeleza kwamba jioni moja ilisemwa ameitika, na asubuhi akakutwa chini ya ngazi, nyonga imevunjika. Siku ya tatu akafa.

Hapo ndipo zinapofanana. Katika kutofautiana niliandika kurasa tatu, na zote zilinifurahisha. Umeandika ngazi ina vidato saba, vilikuwa vitano. Umemvika Bi Kidawa kanga nyekundu. Alivaa kaniki iliyochuja. Umesema mpunga ulikuwa umeiva, ilhali ulikuwa bado una maziwa, na ndiyo sababu ndege walitusumbua vile. Mimi sikukosea hata kimoja. Hata hivyo redio ya zawadi ulipewa wewe, na mimi nikapewa kalamu. Wewe, mwalimu wa darasa la tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikilishwa na kuandika.

Nilikupongeza, unakumbuka. Nilikushika mkono nikasema, "Umetutoa, somo." Nilirudi nyumbani nikaisoma tena hadithi yako nikitafuta mahali ulipodanganya.

Jana Mwalimu Selemani aliniletea insha za wanafunzi nizipitie kabla ya kuandika yangu. Nyingi zilikuwa za kawaida: mandhari, wahusika, dhamira. Msichana mmoja aliandika hivi: "Mwandishi wa kwanza anajua kila kitu ila hakuwepo. Mwandishi wa pili anakosea vitu vidogo lakini alikuwepo." Wa kwanza ni mimi. Chini yake Mwalimu ameweka alama ya vema kwa wino mwekundu.

Nimeandika habari za ajali, njaa na mafuriko, na sijapata kuiacha karatasi mezani nikaenda kusimama uani. Jana nilisimama.

Kwa sababu nilikuwepo, Zuhura. Zamu ya kuita ilikuwa yangu. Mama alikuwa chini anapuliza moto, akauliza, "Ameitika?" Nilikuwa nimechoka, na maji katikati ya madungu yalikuwa na ruba. Nikasema, "Ameitika." Sikuwa nimeita hata mara moja. Ulikuwa umekaa kando yangu na kombeo mapajani. Ukanitazama, kisha ukaendelea kuokota mawe.

Katika hadithi yangu niliandika kwamba dungu letu lilijulishwa kuwa Bi Kidawa yuko salama. Na nani, sikusema. Wewe ukaandika: "Nikasema ameitika, na uongo wangu ukashuka ngazi kabla yangu." Ukaliweka neno langu kinywani mwako. Watu wote wa Nyamwage waliosoma gazeti lile wakajua ni wewe.

Kisha Mzee Bakari, mwanawe Bi Kidawa, akaja Ikwiriri kutoka Nyamisati anakouza boriti. Nilikuwepo kwako siku ile. Alileta kikapu cha kamba wakavu, akakaa mkekani, akakwambia, "Ulikuwa mtoto, mwanangu. Mimi sina kinyongo. Yamekwisha." Ukainamisha kichwa ukasema, "Ahsante, baba." Mimi nikaenda jikoni kuchemsha chai.

Redio na kalamu nilisingizia tu. Wivu wenyewe ulikuwa huo: nilikuonea wivu wa msamaha. Ulikuwa wangu, na nilikuwa hatua tatu kutoka ulipokuwa ukitolewa, nimeshika birika. Alipoondoka nilikuuliza kwa hasira kwa nini ulichukua lisilo lako. Hukupandisha sauti. Ulisema, "Hadija, na wewe ulikuwa na hadithi yako. Ungesema." Halafu ukanifungia nusu ya kamba kwenye gazeti. Niliwala. Walikuwa wazuri.

Usidhani wivu umeniisha. Nimeisoma tena hadithi yako asubuhi hii na ule mstari wa ngazi bado unaniuma. Ningeutoa wapi mimi? Lakini zile kurasa tatu za vidato na kaniki nimezichoma jikoni. Insha ya mfano nimeiandika upya, na ni fupi. Nimesema hadithi ya pili ni bora, nikaonyesha wapi. Kuhusu hadithi ya kwanza nimeandika kwamba mwandishi alikuwepo, kwamba aliyesema Bi Kidawa ameitika ni yeye, na kwamba kasoro ya hadithi yake ni kulificha hilo. Mwalimu Selemani atashtuka. Wanafunzi watapata cha kuuliza.

Ijumaa nitampa. Jumamosi natangulia Nyamisati kabla karatasi haijafika huko kwa midomo ya watu. Huenda Mzee Bakari akasema yamekwisha. Huenda akasema msamaha alikwishautoa na mwingine hana. Hilo ni lake.

Mungu akuweke mahali pema, somo. Mwanaidi nitamwambia mwenyewe, akikua kidogo, kwamba mama yake hakusema uongo ule. Na nikifika kwa Mzee Bakari sitatuma mtu ndani. Nitasimama uani nimwite kwa sauti, kisha nisubiri mpaka aitike.

Hadija