Eda na Wajukuu Wawili

Jumatatu, 9 Juni

Zuwena kaniletea wanawe. Likizo imeanza, yeye Dar ana kazi zake, na mimi, kwa maneno yake, "si upo tu nyumbani, mama?" Nipo tu! Umefiwa na mume, umekaa eda, uani ndiyo mwisho wa safari zako — kumbe kwa binti yako wewe ni shule ya chekechea. Sada ana miaka minane, Majid minne. Wamekuja na begi moja la nguo na ratiba iliyochapwa. Saa nne: michezo ya kujenga akili. Ratiba nimeifunikia mtungi.

Jumanne, 10 Juni

Vitendawili: Sada anavijua vyote, kafundishwa na simu. Hadithi: "Bibi, hii ndefu." Bao: Majid kaingiza kete puani. Nikawapa ukili wa mkeka wasuke. Wamemfunga nao jogoo miguu yote miwili na kumtandika kitambaa changu cha kichwa. Jogoo alitulia kuliko wao. Jioni Zuwena kapiga: wasitazame simu sana, mama, inaharibu akili. Akili ya nani?

Alhamisi, 12 Juni

Wifi Esha kaja kunitazama. Dada wa marehemu huyu. Anakuja siku moja, anapumzika moja, kuhakikisha sijatoroka. Tangu msibani alishawaambia watu: yule hamalizi eda, miguu inamwasha. Basi nitaimaliza! Mume wangu Ramadhani namwombea dua kila swala, Mungu anajua, lakini nusu ya eda hii nakaa ili kumfunga mdomo dada yake. Leo kakagua mpaka kandambili zangu.

Sada alikuwa anamtazama tu. Esha alipoondoka kaninong'oneza: Bibi, umefungwa? Ulifanya nini?

Nikamwambia niliolewa.

Jumapili, 15 Juni

Hatimaye mchezo! Wameubuni wenyewe: kucheza eda. Sada anajifunga shuka langu jeupe, anakaa mkekani, anaugua. Majid ndiye wifi Esha. Anapiga hodi, hangoji karibu, anachungulia chini ya kitanda.

"Umetoka weye?"

"Sijatoka, wifi."

"Apa!"

"Wallahi!"

Wanabadilishana, wanaanza upya. Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo kwa kanga, maana mjane hacheki mtaa ukasikia. Asubuhi nzima ya amani. Mungu anisamehe, niliwaomba warudie.

Ijumaa, 20 Juni

Wamechoka na eda. Hata mimi.

Jumanne, 24 Juni

Wanataka pwani. Pwani, pwani, pwani! Wanaiona mlangoni, mimi siwezi kuwapeleka, na peke yao siwaachii. Jirani Marietha akawaonea huruma, kawaletea kaa mdogo ndani ya kopo. Ee Marietha! Sasa Majid anataka kulala naye kitandani. Nikamwambia mwache huyo, mama yake yuko pwani anamtafuta.

Akachungulia kopo. Kisha: na mama yangu ananitafuta?

Nikasema ndiyo, sana. Zuwena hajapiga tangu Ijumaa. Uongo wa kumlaza mtoto, nani hajausema.

Alhamisi, 26 Juni

Naandika haraka. Niko chumbani, wifi Esha yuko ukumbini. Nimemwambia navaa.

Mchana mtaa wote ulikwenda arusini Singino. Mimi napepeta mchele. Sada akaja mbio: Majid hayupo, kopo halipo! Nikafika mlangoni. Nikamwona kule mbali kwenye tope, kopo mkononi. Anamrudisha kaa kwa mama yake. Na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi kuandama, yanajaa — haya ya kwetu hayaji mbele yako ukayaona, yanapitia vijito yanakuzunguka nyuma. Niliita. Nani asikie? Walinzi wote wa eda yangu wako arusini wanakula pilau.

Nilisimama kizingitini. Niandike kweli: nilisimama, na nilimfikiria Esha. Mtoto yuko majini, namfikiria Esha! Naona aibu hata kuandika.

Kisha nikakimbia. Kichwa wazi, shuka la eda hilohilo, tope mpaka magotini. Nilipomfikia maji yalikuwa kifuani pake. Hakuwa analia. Alikuwa analalamika kwamba mama kaa hajatokea. Nilimkumbatia mpaka akasema namuumiza. Tazama mwandiko huu.

Tukarudi. Nikamwambia Sada hili halisemwi. Nimemvua Majid nguo mbichi, shuka langu sijalifua, mara hodi. Esha! Katoka arusini kabla ya biharusi kutoka ndani, basi pima mwenyewe. Kuna mtu alikuwa anachelewa kwenda huko, kapita njia ya pwani, kaona nguo nyeupe inakimbia, kampelekea habari.

Namsikia hapa: "Nani katoka nyumba hii na nguo nyeupe?"

Sada, mtoto huyu jamani, hakusita. "Mimi, Bibi Esha. Tulikuwa tunacheza eda."

"Apa."

"Wallahi."

Kaapa! Safari hii si mchezo. Mtoto wa miaka minane kala kiapo cha uongo ili mimi nisisemwe. Moyo umeniuma na umefurahi kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia.

Halafu Majid, na majivuno yake yote: "Uongo! Sada hana mbio hizo. Bibi ndiye alikimbia. Alikuja kunichukua."

 

Esha ananiita. Jina langu lote, na la baba yangu. Ndoo ya maji iko hapa, miguu bado ina tope mpaka magotini. Nimeishika ndoo. Nimeiacha. Natoka hivihivi, aione miguu vizuri —